Breki za Miaka Mitatu

Katika barabara ile ya magereji, yenye mabanda kumi na saba ya mabati na vumbi lililolowa oili, kila fundi alikuwa na sifa yake. Mmoja alisifika kwa injini, mwingine kwa kupaka rangi, wa tatu kwa kuahidi kesho. Yule wa banda la mwisho, karibu na kisima, alisifika kwa breki, na watu walimwita Fundi Kimya. Si kwamba alikuwa mchache wa maneno. Maneno alikuwa nayo ya kuuza na kubakiza. Walimwita hivyo kwa sababu gari liliingia kwake likilia magurudumu yote manne, likatoka kimya kabisa, na mwenye gari akatoka akitabasamu.

Siri yenyewe wala haikuwa siri. Pedi ya breki hutoka kiwandani ikiwa na ulimi mdogo wa chuma, mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Pedi ikikaribia kwisha, ulimi ule hugusa diski na kupiga kelele ya kuudhi. Umewekwa makusudi, umwambie dereva kwamba muda umefika. Lakini vumbi likiingia, ulimi huweza kulia hata kama pedi ni nzima, na madereva nao hawapendi kusemwa na magari yao wenyewe mbele za watu. Kwa hiyo mafundi wa barabara ile, kama walivyofundishwa na waliowafundisha, walikuwa wakishika koleo na kuukata ulimi kabla hata pedi mpya haijafungwa. Ndiyo ilikuwa adabu ya kazi. Aliyeuacha alionekana mvivu, na mteja hakurudi tena.

Swali nalo lilikuwa moja siku zote. Kazi ikiisha, mteja akiwa na mguu mmoja ndani ya gari, huuliza: “Fundi, hizi zitakaa muda gani?”

Jibu la kweli ni refu. Pedi za pikapu inayotembea tambarare, mzigo wa wastani, dereva mwenye mguu mwepesi, zinaweza kufika kilomita elfu hamsini, hata sabini. Pikapu hiyo hiyo ipandishe mlima na kuishusha ikiwa imejaa, mguu wa dereva ukilala juu ya breki, elfu ishirini zikifika mshukuru Mungu. Za mbele huisha kabla ya za nyuma. Vumbi huzila, matope huzila, na haraka ya dereva huzila kuliko vyote. Fundi Kimya aliyajua haya kwa ncha za vidole. Lakini mtu mwenye mguu mmoja ndani ya gari hataki hadithi, anataka namba. Basi fundi alikuwa na namba yake, moja kwa wote, mkubwa kwa mdogo.

“Miaka mitatu. Nenda kalale.”

Na watu wakaenda kulala. Tusimwonee, hakuwa mwongo kuliko wenzake. Alikuwa mtu aliyependa kuona wateja wakiondoka na nyuso nyepesi, na hilo limewaponza wengi wema kuliko yeye.

Mkewe alifariki binti yao wa pekee akiwa na miaka tisa. Watu walimshauri ampeleke kwa shangazi, maana gereji si mahali pa kulelea mtoto wa kike. Aliwasikiliza kwa adabu, kisha akaugawa ua kwa ukuta wa mbao, akaweka kitanda cha mtoto upande ambao harufu ya petroli haifiki. Binti akafanyia hesabu za shule juu ya boneti za magari ya watu. Alijua spana namba kumi na tatu kabla ya kujua kusuka nywele, na nywele zenyewe alisukwa na baba yake, mistari ikienda kombo mpaka walimu wakauliza. Fundi alizeeka hivyo, mkono mmoja kwenye breki na mwingine kwenye kichwa cha mtoto, na akipata homa alilia jina la binti, si la marehemu.

Binti alipoolewa na kijana dereva, mpole, mwenye haya za kizamani, fundi alikusanya vipande vya pikapu iliyopinduka, akaviunganisha kwa miezi minne, akawakabidhi funguo. Pikapu nyeupe, mlango mmoja wa kijivu. Miezi kumi na moja sasa ilikuwa imepita tangu aibadilishie pedi za mbele kwa mkono wake mwenyewe. Mkwe aliuliza lile swali la kila mtu, akajibiwa kama kila mtu. Wakati huo kijana alikuwa akisambaza magodoro mjini, barabara tambarare, mzigo mwepesi. Miezi sita baadaye alipata kazi nyingine: kuchukua vigae vya sakafu kutoka ghala la huku juu na kuvishusha hadi mji wa bondeni, safari nne kwa wiki, kilomita kumi na moja za mteremko na kona. Fundi alipopewa habari hiyo alifurahi, akampongeza, akaendelea na kazi.

Sasa walikuwa wamekuja kumwonyesha mjukuu wa miezi minne, aliyepewa jina la marehemu bibi yake. Walilala siku mbili. Fundi hakufungua banda siku hizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata alipovunjika kidole. Siku ya tatu, saa mbili na nusu asubuhi, pikapu ilikuwa imesimama mbele ya banda ikiwa na maboksi sitini ya vigae, na mkwe alikuwa akikaza kamba. Fundi alisimama kando akimpakata mtoto, ambaye alikuwa amemkamata kidole chake cheusi cha oili na kukataa kukiachia.

“Baba,” mkwe alisema huku akivuta fundo, “gari lako nalitunza. Wiki iliyopita taa nyekundu ya breki iliwaka. Nikafungua boneti, nikakuta mafuta ya breki yamepungua, nikajaza. Taa ikazima. Juzi tena nikaongeza kidogo.”

“Hongera, mwanangu. Dereva ndiye wewe,” fundi alijibu. Kisha akamwambia mtoto, “Unaona baba yako? Si kama wale wanaosubiri gari lizimike ndipo wafungue boneti.”

“Baba, mlete huyo, utanichelewesha,” binti alisema akicheka. “Ukimtaka, zaa wako.”

“Nimeshazaa mmoja, kanitosha kwa kelele.”

Wakaondoka. Fundi alisimama barabarani mpaka pikapu ikapotea, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka oili usoni, akarudi kazini.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja, mama wa makamo mwenye pikapu ya kijani iliyolia tangu njia panda. Hiyo haikuwa imewahi kupita mikononi mwa fundi, ulimi wake ulikuwa mzima.

“Fundi, nitolee kelele hii. Nikiingia shuleni wanafunzi wanaziba masikio mbele yangu.”

“Dakika chache tu, mwalimu.”

Alifungua gurudumu la mbele. Pedi zilikuwa zimebaki unene wa sarafu. Akatafuta mpya dukani kwa jirani, akazikata ndimi kama kawaida, halafu akaweka nyenzo kuirudisha pistoni ndani ili pedi nene zipate nafasi. Aliposukuma, mafuta ya breki yalifurika kule juu kwenye kopo lake, yakamwagika juu ya injini na kudondoka sakafuni.

“Mwalimu! Nani kajaza mafuta humu mpaka shingoni?”

“Mimi mwenyewe. Taa nyekundu iliwaka, nikajaza, ikazima. Kwani nimekosea?”

Hapo fundi alipata raha ya kumfundisha mwalimu. “Mafuta ya breki hakuna anayeyanywa, mwalimu wangu. Yakipungua na hakuna panapovuja, maana yake pedi zimelika, pistoni zimetoka nje, na mafuta yamezifuata huko. Taa inakwambia hivyo. Wewe ukijaza, unaizima taa na pedi zinaendelea kuisha. Ulichobaki nacho ni ule ulimi peke yake, nao...”

Hakumaliza. Koleo lilimponyoka likaanguka karibu na mguu wake, na hakulisikia.

Kelele ya gari la mkwe, fundi mwenyewe alikuwa ameikata. Taa, mkwe alikuwa ameizima, tena amemweleza, tena amepongezwa. Na pikapu ilikuwa imebeba zaidi ya tani moja ya vigae, pamoja na kila kitu alichokuwa nacho duniani, ikielekea ukingo wa mlima.

Alipiga simu ya mkwe. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ni yeye aliyemfundisha kijana yule, siku ya kumkabidhi funguo, kwamba simu na usukani ni wake wenza, hawakai nyumba moja. Na kijana alikuwa mtiifu. Akapiga ya binti. Ikalia palepale, nyuma ya ukuta wa mbao, ikicheza muziki wake mezani ambako ilikuwa imesahauliwa kwenye chaji.

“Mungu wangu,” alisema. “Mungu wangu, Mungu wangu.”

“Fundi, kuna nini? Gari langu je?”

“Usiliguse, mwalimu! Usiliguse hilo!” Alikuwa tayari barabarani, ovaroli imefunguka kifuani, akimwita dereva wa bodaboda aliyekaa kivulini, mtu mnene aliyeitwa Mwana-Maombi kwa sababu abiria wake wote husali. Siku nyingine fundi angetembea kwa miguu kuliko kupanda pikipiki ile. Leo aliruka juu yake kabla haijawashwa.

“Kwenye mteremko. Kimbia kadiri unavyoweza.”

“Mzee, kweli wewe ndiye unayesema hivyo?”

“Binti yangu yuko kwenye gari halina breki!”

Mwana-Maombi hakuuliza tena. Upepo uliwapiga usoni, na fundi, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa hajafanya hesabu ndefu kwa mteja, sasa aliifanya bila kutaka. Safari nne kwa wiki. Miezi mitano. Miteremko themanini na zaidi, kila mmoja na tani ya vigae, kila mmoja na kona. Namba alikuwa nazo zote tangu mwanzo. Hakuwahi kuzijumlisha tu. Alijua kijana amehama kutoka tambarare kwenda mlimani. Angemwambia neno moja tu: lete gari niangalie. Siku mbili pikapu ilikuwa imelala hatua nne kutoka kwenye jeki yake! Siku mbili alikuwa akicheza na mtoto, na alichotakiwa kufanya ni kuinama na kuchungulia kwenye matundu ya rimu.

Akaanza kumwomba Mungu kwa namna ya mtu asiye na kitu mkononi. Chukua mikono yangu, nisishike tena spana. Chukua macho. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha, nichukue mimi. Aligundua kwamba alikuwa akisema kwa sauti, na Mwana-Maombi mbele yake alikuwa akiitikia.

Kwenye ukingo wa mlima palikuwa na kituo cha mafuta. Mhudumu aliinua kichwa.

“Pikapu nyeupe, mlango wa kijivu, ina maboksi!” fundi alipiga kelele. “Umeiona?”

“Ile yenye mtoto mchanga? Walisimama hapa wakanunua maji, mama akamnyonyesha. Wameondoka sasa hivi. Hata dakika kumi hazijaisha.”

Dakika kumi. Kona ya kwanza hapakuwa na kitu. Ya pili, hapakuwa na kitu, isipokuwa harufu ambayo fundi angeitambua hata usingizini, harufu chungu ya breki iliyoungua. Kona ya tatu barabara ilikuwa na vipande vya vigae vyeupe, vichache, vilivyosagika. Kona ya nne palikuwa na boksi zima lililopasuka, na alama nyeusi ya tairi ikielekea upande wa bonde. Mwana-Maombi alipunguza mwendo mwenyewe, kama mtu asiyetaka kufika.

“Twende,” fundi alisema, akimgonga bega. “Twende tu.”

Walikuwa kona ya tano. Watengeneza barabara walikuwa wameacha rundo la kokoto upande wa mlima, na pikapu ilikuwa imezama ndani yake mpaka kwenye kioo cha mbele, vigae vimetapakaa lami yote. Fundi alishuka pikipiki ikiwa bado inatembea, akaanguka, akainuka, akakimbia kwenye mlango wa kijivu. Ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kiatu kimoja cha binti yake na nguo ya kumbebea mtoto.

Akapiga ukelele ambao hakujua kama anao.

“Baba! Baba, tuko huku!”

Walikuwa nyuma ya rundo. Binti alikuwa amekaa chini kwenye kokoto, paji la uso limechanika, mtoto kifuani akilia kwa hasira, sauti nzima, mapafu mazima. Fundi alipiga magoti, akampapasa mjukuu kichwa, mikono, miguu, kidole kimoja kimoja, kisha akampapasa binti vivyo hivyo, kama alivyokuwa akimkagua zamani akianguka kwenye baiskeli. Alilia bila kujificha. Kilio hicho kilikuwa cha shukrani, na laiti kingeishia hapo.

Mkwe alikuwa amesimama mbali kidogo. Alipomwona baba mkwe wake alikuja akapiga magoti kwenye lami.

“Baba, nisamehe. Nusura nikuulie mtoto. Nilikanyaga, ikaenda mpaka chini, hakuna kitu. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, ikapunguza kidogo tu. Nikaona kokoto.” Alifuta uso. “Sijui nilikosea wapi. Pengine nilibeba vingi. Ulisema miaka mitatu, na hata mwaka haujaisha. Lazima ni mguu wangu, Baba. Nimeziharibu mimi.”

Hapo njia ilikuwa wazi kwa fundi. Kijana alikuwa amejihukumu mwenyewe, wala hakuna aliyekuwa akiuliza. Kunyamaza tu kungetosha, na kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa ya kazi zake. Alikwenda kwenye gurudumu la mbele, akafukua kokoto kwa mikono, akachungulia kwenye matundu ya rimu. Pedi haikuwepo, kilichobaki ni bati la mgongoni, chuma juu ya chuma, na diski imechimbika mifereji.

“Inuka,” alimwambia mkwe. “Inuka, mwanangu, usinipigie magoti. Wewe hukukosea. Zile pedi zilikuwa na ulimi wa kukupigia kelele zikiisha. Zingelia mwezi mzima, ungeniletea mwenyewe. Mimi niliukata. Na leo asubuhi umeniambia taa iliwaka, nikakusifu.”

Mkwe alimtazama bila kuelewa. Binti alielewa, maana alikuwa amelelewa kati ya spana.

“Uliukata kwenye gari letu?”

“Naukata kwenye kila gari.”

“Kwa nini, Baba?”

“Watu hawapendi kelele, mama.”

Binti alimbadilisha mtoto bega. Damu ilikuwa ikimchuruzika taratibu kwenye nyusi na hakuifuta. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza idadi ya wageni.

“Umekata za magari mangapi?”

Fundi alijaribu kuhesabu. Miaka thelathini. Manne kwa siku, siku nyingine sita. Hakuwa na daftari la majina. Wateja wake aliwajua kwa magari yao, ile ya bluu, ile ya kreti za soda, ile ya yule jamaa mwenye kikohozi. Hakuwa na namba zao za simu. Na wote, kila mmoja wao, aliwatuma wakalale.

Honi ililia kutoka juu. Pikapu nyekundu ilikuwa ikishuka kona ya nne, imejaa magunia ya viazi, na juu ya magunia wamekaa akina mama watano wakishikana mabega. Ilivikwepa vigae kwa ustadi. Fundi aliitambua kabla hajamwona dereva. Alikuwa ameifunga pedi yeye mwenyewe, wakati wa mvua, mwaka gani hakumbuki. Alitega sikio kwa nguvu zake zote, akiomba isikike hata mkwaruzo mmoja. Magurudumu yalizunguka bila sauti yoyote.

Alikimbia katikati ya barabara, mikono yote miwili juu.

“Simama! Simama, weka gia ya chini! Simamaaa!”

Dereva alimtambua, akatoa kichwa dirishani, uso umemng’aa kwa furaha. “Fundi Kimya! Breki zako bado zinadunda!” alimpigia kelele akimpita kando. Akapiga honi mara mbili, akina mama juu ya magunia wakampungia mikono, na pikapu ikaingia kona ya sita.